Maabara ya stadi si stoo ya midoli

Walimu wenzangu wa udaktari na uuguzi hapa Mbeya wakisikia utafiti, wanawaza ruzuku, sampuli za damu kwenye friji na foleni ya wagonjwa. Maabara ya stadi, chumba cha kujifunzia tiba kwa midoli kilicho jirani na ofisi zao, wanaipita tu, ilhali utafiti unafanyika hata mle. Kauli ninazozisikia ni hizi.

"Pale ni pa kufundishia, si pa utafiti." Hili ndilo linaloniuma zaidi. Kila Jumanne wanafunzi wangu hupokezana mdoli wa kichanga, pamoja na mfuko na barakoa ya kumpulizia hewa. Nami nasimama na saa na karatasi ya kutiki: amemkausha? Ameiweka shingo sawa? Kifua kimepanda kabla ya sekunde 60? Kipindi kikiisha, karatasi hizo huishia kwenye boksi chini ya meza, pamoja na glovu zilizopitwa na muda. Zile ni data! Wodini hakuna mgonjwa anayefanana na mwenzake, ila mdoli ni yuleyule kwa wote. Ukitaka kulinganisha njia mbili za kufundisha, utapata wapi pazuri zaidi?

"Aliyemweza mdoli amemweza mgonjwa." Wenzetu wa hospitali ya Haydom, kule Manyara, waliliweka hili kwenye mizani. Mwaka 2010 wahudumu walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua. Kwa mdoli wakawa hodari. Kazi yao chumba cha kujifungulia ikabaki vilevile. Yalipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, vifo vya vichanga ndani ya saa 24 za kwanza vikapungua. Wangepima kwa mdoli peke yake, wangeshangilia bure.

"Hatuna midoli ya mamilioni." Mguu wa nguruwe kutoka bucha la kitimoto unatosha kupima nani anashona kidonda vizuri. (Asiyegusa nguruwe achukue kongoro.)

"Hakuna mgonjwa, basi kibali cha nini?" Mshiriki ni mwanafunzi, na kamati ya maadili lazima ione andiko lako la utafiti kabla hujaanza. Tena fikiria: anayemwomba mwanafunzi saini ya kukubali kushiriki ndiye atakayemsahihishia mtihani. Atakataaje? Mimi humtuma mwenzangu asiyewafundisha akaombe ridhaa, na majina ya waliokataa siyaoni hadi matokeo ya mtihani yabandikwe.