Miligramu 5 za kwenye lebo si lazima ziwe peptidi tupu

Wengi wanaoanza kazi ya maabara huamini kwamba kichupa cha peptidi kavu (mnyororo mfupi wa asidi amino) chenye lebo ya "miligramu 5, usafi asilimia 98" kina karibu miligramu 5 za peptidi yenyewe. Hutia mililita 2 za maji na kuandika daftarini: miligramu 2.5 kwa mililita. Si ajabu, maana namba hizo mbili zimeandikwa pamoja.

Lakini zinapima vitu tofauti. Usafi, unaopimwa kwa kromatografia (njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika), hulinganisha peptidi inayotakiwa na zile zilizoharibika wakati wa kutengenezwa. Maji na chumvi kwa kawaida havimo kwenye hesabu hiyo. Ni kama mchele uliochambuliwa mawe yote lakini bado una unyevu: safi ni safi, ila mizani inapima na maji. Unga wa peptidi hunyonya unyevu wa hewani, na mara nyingi hubeba chumvi kama asetati au trifluoroasetati tangu ulipotengenezwa.

Kwa hiyo tafuta kwenye cheti cha uchambuzi kutoka kwa muuzaji mstari mwingine: kiasi halisi cha peptidi. Ukisema asilimia 80, zile 5 ni 4, na mchanganyiko wako ni miligramu 2 kwa mililita. (Wauzaji wengine huwa wameshapiga hesabu hiyo, angalia kama uzito ni wa jumla au halisi.) Mstari usipokuwepo, na peptidi ina asidi amino za triptofani au tirosini, pima ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 280 ili kukadiria kiasi chake. Isipokuwa nazo, uchambuzi wa asidi amino ndio tegemeo.