Je, Wajua Kwa Nini Mtoto Akiziba Macho Huamini Humwoni?

Karibu kila nyumba yenye mtoto wa miaka mitatu ina kisa hiki. Mnacheza kujificha. Umeelekea ukutani, umehesabu mpaka kumi, ukigeuka unamkuta kasimama katikati ya sebule, viganja vimebana macho, tumbo mbele, anatetemeka kwa kicheko anachojitahidi kukizuia. Au yuko nyuma ya pazia, ila kuanzia magotini kushuka chini yuko hadharani. Nawe unaijua kazi yako. Unapita mbele yake mara mbili tatu ukilalamika, "Jamani, mwanangu kaenda wapi? Au kaenda dukani bila kuaga?" mpaka uvumilivu unamwishia, anajibu mwenyewe: "Niko hapa!"

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba mtoto akifumba macho anaona giza, basi anadhani na wewe umeingia gizani. Maelezo ya namna hiyo yana mizizi kwa Jean Piaget, mwanasaikolojia Mswisi aliyezaliwa Neuchâtel mwaka 1896, ambaye sehemu kubwa ya nadharia yake aliitoa nyumbani kwake. Watoto wake watatu, Jacqueline, Lucienne na Laurent, aliwachunguza tangu wakiwa wachanga, akiwafichia vitu chini ya nguo na kuandika walichofanya. Baadaye, pamoja na Bärbel Inhelder, alikuja na jaribio mashuhuri la milima mitatu: mtoto anakaa upande mmoja wa mfano wa milima, mwanasesere anawekwa upande mwingine, kisha mtoto anaonyeshwa picha kadhaa achague ile ya anachokiona mwanasesere. Watoto wa miaka minne huchagua wanachokiona wao. Hitimisho la Piaget lilikuwa kwamba mtoto mdogo bado hawezi kutoka mahali pake akaingia mahali pa mwenzake.

Jibu zuri, lakini haliendani na wanachosema watoto wenyewe wakiulizwa kwa utulivu. Mwaka 1980 mwanasaikolojia John Flavell na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio dogo sana. Mtoto anafumba macho, anaulizwa: "Nakuona?" Wengi wa wale wadogo wanasema hapana. Anaulizwa tena: "Mkono wako nauona?" Ndiyo, unauona. Sasa hapo giza limekwenda wapi? Mkono unaonekana, lakini "mimi" sionekani.

Hata leo unaweza kujaribu nyumbani, na nakuhakikishia utacheka. Muulize aliyeziba macho kama unaiona fulana yake. Huenda akakujibu kwa sauti ya mtu anayemweleza mjinga jambo la wazi.

Kundi la Chuo Kikuu cha Cambridge likiongozwa na James Russell lilirudi kwenye swali hili na kuchapisha majibu mwaka 2012. Waliwafunika watoto wa miaka mitatu na minne macho kwa kitambaa, wakawauliza kama wanaonekana. Wengi walisema hawaonekani. Kisha wakamfunika macho mtu mzima, wakawauliza kama yeye anaonekana. Wengi walisema naye haonekani! Hapo ndipo hoja ya giza inapoanguka, maana safari hii mtoto macho yake yako wazi kabisa, anamtazama yule mtu mzima aliyekaa mbele yake, na bado anasema haonekani.

Wakaongeza miwani. Aina moja ilizibwa kabisa, mtoto haoni kitu. Nyingine ilikuwa ya kioo: aliyevaa anaona nje, wa nje hayaoni macho yake. Watoto 37 walishiriki, na ni 7 tu walioweza kuelewa jinsi miwani ya kioo inavyofanya kazi. Katika hao 7, 6 walisema hawaonekani wakiwa wamevaa miwani yoyote kati ya hizo mbili. Yaani anakuona vizuri, anajua anakuona, lakini kwa kuwa wewe huyaoni macho yake, basi humwoni yeye.

Mwisho mtafiti alimkazia mtoto macho huku mtoto akitazama pembeni, kisha wakabadilishana: mtoto anatazama, mtafiti anatazama kando. Mara zote mbili watoto wengi walisema hakuna kuonwa hapo. Kwa mtoto wa umri huo, kumbe, kuonana ni kazi ya watu wawili. Macho yako yakutane na yake ndipo mmeonana. Upande mmoja ukijitoa, umeona shati, umeona miguu, umeona kichwa chenye vumbi la uwanjani, lakini yeye mwenyewe hujamwona. Na mimi, nikisema kweli, sioni kama hilo ni kosa la kitoto tu. Mtu mzima uliyegombana naye akikupita sokoni bila kukutazama usoni, si unarudi nyumbani unasema "hata hakuniona"?

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Southern California, Henrike Moll na Allie Khalulyan, walipeleka jambo hilo mbele kidogo. Mtu mzima mbele ya mtoto alijifunika macho, au masikio, au mdomo, kisha mtoto akaulizwa kama anaweza kumwona, kumsikia au kuzungumza naye. Wengi walisema hapana kwa yote. Kama umeziba masikio yako, basi mimi siwezi kukusikia. Kama umeziba mdomo wako, mimi siwezi kuzungumza nawe. Kila kitu lazima kiende na kurudi.

Ukilijua hili, utaanza kuliona kila mahali. Mgeni anaingia, mtoto anaambiwa, "Haya, msalimie babu." Anaufunika uso wake wote kwa upindo wa kanga ya mama, anabaki hivyo, halafu anachungulia kwa jicho moja. Macho yakigongana na ya babu, anarudi haraka kwenye kanga kama aliyekamatwa. Shikamoo yenyewe inatoka humo humo ndani ya kitambaa, nusu yake imemezwa.

Simu nayo ina vituko vyake, ingawa huko sababu si ile ile moja kwa moja. Bibi anauliza kutoka kijijini, "Umekula, mjukuu wangu?" Mtoto anatikisa kichwa kukubali, kimya. "Eeh? Umekula?" Anatikisa tena, kwa nguvu zaidi, amekasirika kidogo kwamba bibi haelewi. Mkiwa na bahati, atakimbia akalete viatu vipya avipandishe kwenye simu ya sauti tupu bibi avione.

Kuna wazazi ambao mchezo ukianza tu wanamrekebisha: "Nakuona bwana, ingia uvunguni." Siwaelewi. Watoto wa mtaani wenyewe wakicheza kombolela, au brikicho kama unasoma ukiwa Kenya, humwacha mdogo ajifiche anavyotaka na hawampi zamu ya kutafuta. Wanajua muda wake haujafika.

Unafika karibu na miaka minne mpaka mitano. Ndipo watoto wengi wanapoweza jaribio la Heinz Wimmer na Josef Perner la mwaka 1983: kijana Maxi anaweka chokoleti kabatini anatoka, mama yake anaihamishia kabati jingine, je, Maxi akirudi ataitafuta wapi? Wadogo wanasema ilipo sasa. Wakubwa wanasema alipoiacha, kwa sababu Maxi hajui. Mtoto anayejibu hivyo anaanza kujificha kweli: anabana pumzi, anavuta miguu ndani, na humsikii.

Ameanza pia kuficha mambo mengine. Victoria Talwar na Kang Lee, katika utafiti wao wa mwaka 2002, waliwakalisha watoto wa miaka mitatu hadi saba chumbani na mwanasesere nyuma ya mgongo, wakakatazwa kugeuka. Wengi waligeuka. Walipoulizwa, karibu nusu ya wenye miaka mitatu walikiri, lakini waliowazidi umri wengi wao walikana kwa uso mkavu. Swali lililofuata lilikuwa la mtego: kama hukugeuka, unadhani mwanasesere huyo ni nani? Wa miaka sita na saba, karibu nusu walijifanya hawajui. Wadogo wengi walimtaja jina bila kusita.