Upande wa nne wa uzio

Mteja akiniita Nyali au Mtwapa, huku pwani ya Kenya, nimjengee bwawa la kuogelea nyumbani, swali la kwanza huwa rangi ya vigae. La pili, taa za chini ya maji. Uzio hukumbukwa mwisho, pesa zikiwa zimeshakatika, na hapo ndipo ninapoambiwa: "Fundi, weka pande tatu tu, upande wa nne nyumba yenyewe itaziba."

Nyumba haizibi. Nyumba ina mlango wa sebuleni, na mtoto wa miaka miwili akishajua kuusukuma, hana safari nyingine.

Wazazi wengi huogopa saa ya kuogelea. Saa hiyo angalau macho yote yako majini. Madaktari wa watoto wa Marekani, ambako mabwawa ya nyumbani ni mengi, hutaja kwamba asilimia 69 ya watoto wa chini ya miaka 5 wanaozama mabwawani huzama wakati ambapo hakuna aliyewatarajia kuwa karibu na maji. Yaani mtu yuko jikoni, bwawa limetulia, mpira unaelea katikati. Mtoto mdogo kichwa chake ni kizito kwa mwili wake. Akiinama kuufikia, hutangulia kichwa. Na hapigi kelele, kwa sababu mdomo ulioko chini ya maji hauna pumzi ya kupigia kelele. Jikoni kunasikika kimya tu, na mama anashukuru kwamba leo mtoto ametulia.

Ndiyo maana sikubali pande tatu. Uzio uzunguke bwawa lenyewe, si kiwanja. Urefu usipungue mita 1.2, mimi hupandisha hadi 1.5. Nondo zisimame wima, maana za kulala ni ngazi. Nafasi kati ya nondo na nondo isizidi sentimita 10, nami huipima kwa nazi iliyofuliwa: ikipita, nachomelea upya. Viti na vyungu vya maua vikae mbali na uzio.

Geti ndilo lenye kazi. Lifunguke kuelekea nje, lijirudishe, lijikomee, na komeo liwe juu asikofikia mtoto. Hapa Pwani bawaba za chuma cha kawaida huliwa na chumvi upesi, halafu geti linaishia njiani, linabaki wazi kiasi cha kupita paka. Mtoto naye hupita. Lifungue kidogo tu, uliachie, uone kama litafika.

Jakuzi, kile kibwawa cha maji moto yanayobubujika, ina balaa lake: tundu la sakafuni linalovuta maji kwenda kwenye pampu. Mwaka 2002 huko Virginia, Marekani, msichana wa miaka 7, Graeme Baker, alinaswa na mvuto huo hadi akafa maji, na sheria ya 2007 ya usalama wa mabwawa ikapewa jina lake. Kwangu matundu huwa mawili, yaliyoachana, yenye vifuniko vilivyobinuka juu. Ukiona kifuniko kimevunjika, zima pampu, mtu asiingie.

Maboya ya mikononi ni ya kuchezea. Na ukimtoa mtoto majini hapumui, usimning'inize kichwa chini kumwaga maji. Mlaze chali, mpulizie pumzi, mbonyeze kifua, mwingine akiita msaada.

Mwaka jana nilirudi kwenye nyumba moja kusafisha chujio. Geti nililolifunga mwenyewe nikalikuta limezuiwa kwa tofali, wazi kabisa. Mama mwenye nyumba akanieleza, hata aibu hana: "Linagonga sana fundi, linamwamsha mtoto mchana."

Nikakata kipande cha ndara kuukuu, nikakigundisha kwenye nguzo. Geti likajifunga bila kishindo. Tofali nikaondoka nalo.