Je, wajua kwa nini moto wa jikoni hauondoi sumukuvu kwenye ugali?

Mwaka 2004, watu 125 walifariki mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Mwaka 2016 yakawakuta wa Dodoma na Manyara, na watu 20 wakapoteza maisha. Hawa hawakula mahindi mabichi. Waliyasaga, wakasonga ugali kama siku zote. Mbona moto haukuwaokoa?

Ni kwa sababu hatari ziko mbili, na moto unaimaliza moja tu. Ya kwanza ni kuvu, kiumbe hai kiitwacho Aspergillus flavus. Hukaa udongoni, kisha huvamia mahindi na karanga, hasa mwaka wa ukame au mazao yakiwekwa ghalani kabla hayajakauka. Kuvu akichemshwa hufa. Ila akiwa hai huwa ameshatengeneza hatari ya pili, kemikali iitwayo aflatoksini, ambayo ndiyo sumukuvu yenyewe, na kemikali haina uhai wa kutolewa. Ili ivunjike inataka joto la zaidi ya nyuzi 200, ilhali maji ya ugali huchemka kwa nyuzi 100.

Ikishaliwa, mzigo unaangukia ini. Ini hujaribu kuivunja, lakini katika kuivunja huigeuza kuwa kitu kikali zaidi, kinachong'ang'ania vinasaba na kuviharibu. Aliyekula nyingi kwa mkupuo hutapika, macho huwa ya njano, tumbo hujaa maji. Anayekula kidogo kidogo kwa miaka hasikii chochote, na hapo ndipo penye hofu kubwa, maana mwisho wake waweza kuwa saratani ya ini. Kama ana virusi vya homa ya ini aina ya B, hatari hiyo huongezeka hadi mara 30.

Kukoboa hupunguza sumu, kwani nyingi hukaa kwenye ganda na kiini. Lakini pumba hizo akipewa ng'ombe, sehemu ya sumu hurudi nyumbani ndani ya maziwa.

Kazi ya kweli basi iko uani, kabla ya ghala. Anika kwenye turubai, si juu ya udongo, na chambua punje zilizovunjika na zenye ukungu. Kupima ukavu, tia punje kwenye chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, uache robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi juani.