Vikwazo, madeni na vita: tunayoambiana Nyanda za Juu Kusini, na yalivyo kweli

Tangu Urusi ivamie Ukraine tarehe 24 Februari 2022, watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe wameijadili vita hiyo kwa njia moja kuu: bei. Bei ya mbolea, ya dizeli, ya unga wa ngano. Ni haki yao kabisa. Lakini katika mazungumzo hayo yamejengeka madai yanayoficha nani hasa anaamua nini, na mkulima asiyejua uamuzi umetoka wapi hawezi kujua amuulize nani. Nayachukua manne.

"Wazungu waliiwekea mbolea ya Urusi vikwazo, ndiyo maana ilipanda."

Hili ndilo linalosikika zaidi, na lina punje ya ukweli iliyozungukwa na makapi mengi.

Tuanze na kalenda. Mbolea ilianza kupanda 2021, kabla ya vita. Gesi asilia, ambayo ndiyo malighafi kuu ya mbolea ya urea, ilipaa bei Ulaya na viwanda vikapunguza uzalishaji. China nayo ilibana uuzaji wa mbolea nje mwishoni mwa mwaka huo. Tani ya urea, ambayo 2020 iliuzwa chini ya dola 300 katika soko la dunia, ilivuka dola 900 kufikia Aprili 2022. Vita ilikuta moto unawaka ikaongeza kuni.

Tuje kwenye sheria. Marekani ilitoa vibali vya jumla vilivyoruhusu biashara ya mazao ya kilimo na mbolea ya Urusi kuendelea. Umoja wa Ulaya nao haukupiga marufuku Afrika kununua mbolea hiyo. Kilichowekewa vikwazo ni watu: matajiri wenye hisa kubwa katika kampuni za mbolea, kama Andrey Melnichenko wa EuroChem na Dmitry Mazepin wa Uralchem. Potashi ya Belarusi, madini ya kutengenezea mbolea, ni habari nyingine. Hiyo ilibanwa moja kwa moja.

Sasa ile punje ya ukweli. Meneja wa benki hasomi sheria kama mwanasheria anayetafuta upenyo. Akiona jina la mtu aliyewekewa vikwazo limekaa karibu na shehena, anaona salama yake ni kukataa malipo. Mwenye meli anafanya vilevile, na mwenye bima pia. Hivyo bidhaa iliyoruhusiwa kwenye karatasi inakwama bandarini kwa woga wa watu wasiotaka faini. Tani 20,000 za mbolea ambazo Uralchem ilizitoa kama msaada kwa Malawi, hapo jirani ng'ambo ya Mto Songwe, zilikuwa zimekwama Ulaya hadi Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipoingilia kati. Meli iliondoka Uholanzi mwishoni mwa Novemba 2022 kuelekea Beira, na wakulima wa Malawi wakaanza kuiona mbolea yenyewe 2023. Desemba 2022 Umoja wa Ulaya ulilegeza kanuni ili fedha za baadhi ya watu hao ziweze kufunguliwa kwa ajili ya biashara ya chakula na mbolea. Kulegeza huko ni ushahidi kwamba kanuni za awali zilikuwa zinaumiza pasipokusudiwa, na aliyesema hivyo mapema hakuwa akiipigia Urusi debe.

Huku kwetu mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulikuwa umevuka shilingi 100,000. Tarehe 8 Agosti 2022, kwenye Nane Nane ya viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua ruzuku iliyoushusha hadi 70,000. Tulikumbuke hilo, nitalirudia.

"Fedha za Urusi zilichukuliwa zote zikapewa Ukraine."

Hapana. Takriban dola bilioni 300 za akiba ya Benki Kuu ya Urusi zilizuiwa, na sehemu kubwa iko Ubelgiji kwenye Euroclear, taasisi inayotunza hisa na hatifungani. Kuzuia si kutaifisha: mwenye mali anabaki mwenye mali, ila hawezi kuigusa. Ni kweli kwamba Aprili 2024 Bunge la Marekani lilipitisha sheria inayompa Rais mamlaka ya kutaifisha sehemu iliyoko Marekani, lakini huko iko kidogo tu. Mataifa saba tajiri ya kundi la G7 yalichagua njia nyingine: Juni 2024 yalikubaliana kuikopesha Ukraine dola bilioni 50, na mkopo huo ulipwe kwa faida inayozalishwa na zile fedha zilizozuiwa. Mtaji wenyewe haukuguswa.

Na kuhusu SWIFT, kwa kifupi: ni mfumo wa kupelekeana ujumbe kati ya benki, hautunzi fedha ya mtu. Machi 2022 benki saba za Urusi ziliondolewa. Gazprombank iliachwa, kwa sababu Ulaya ilikuwa bado inaihitaji ili kulipia gesi.

"Ukraine imesamehewa madeni yote, sisi tunaambiwa tulipe."

Uchungu ulio ndani ya kauli hii nauelewa vizuri, ila takwimu hazikubaliani nayo. Muswada kuhusu deni la Ukraine uliopitishwa na Baraza la Wawakilishi la Marekani Mei 2022 haukufuta deni hata senti moja. Uliitaka serikali ya Marekani itumie sauti na kura yake katika taasisi za fedha za kimataifa kudai Ukraine isimamishiwe malipo. Kusimamisha maana yake utalipa baadaye. Nchi zinazoidai Ukraine zilikubali kusubiri, kwanza hadi mwisho wa 2023, kisha zikasogeza hadi 2027. Wenye hatifungani binafsi nao walisubiri miaka miwili, na 2024 ndipo walipokubali kupunguza sehemu ya madai yao. Msamaha wa waziwazi ulikuja Novemba 2024, Rais Joe Biden alipofuta karibu dola bilioni 4.7 za mkopo ambao sheria ya msaada kwa Ukraine ya Aprili mwaka huo ilishauwekea mlango wa kufutwa. Baadhi ya maseneta walijaribu kumzuia wakashindwa.

Sisi pia tumewahi kusamehewa, na si kidogo. Novemba 2001 Tanzania ilikamilisha mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa, na 2006 ikafutiwa tena madeni ya Benki ya Dunia, Shirika la Fedha Duniani na Benki ya Maendeleo ya Afrika. Nafuu hiyo ilisaidia kugharamia elimu ya msingi baada ya ada kufutwa. Madarasa mengi ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) huku milimani ni ya miaka hiyo. Tofauti ya kulalamikia ipo, nayo ni mwendo. Tulisubiri miaka kwa masharti juu ya masharti. Ukraine ilikubaliwa kusimamisha malipo ndani ya miezi michache. Penye nia ya kisiasa, mwenye deni hasubirishwi.

"Vikwazo ni ugomvi wa wakubwa wa mbali, huku havikuwahi kutugusa."

Anayesema hivi akiwa Mbeya au Makambako asimame kwanza kwenye stesheni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia.

Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith alijitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Uingereza ilizuia mafuta kwenda kwake, na Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo, vikakamilishwa 1968. Aliyeumia upesi alikuwa Zambia, ambayo mafuta na shaba yake vilipita Rhodesia. Mafuta yakaanza kubebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, kwenye barabara ya vumbi na matope iliyopewa jina la njia ya jehanamu. Bomba la mafuta la TAZAMA likafunguliwa 1968. Reli ikajengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860, kwa mkopo wa China usio na riba wa yuan milioni 988, baada ya Benki ya Dunia kuona haitalipa.

Wakati huohuo, 1971, Bunge la Marekani lilipitisha kifungu kilichoruhusu kununua madini ya kromu ya Rhodesia kinyume cha vikwazo vya Umoja wa Mataifa, likidai Marekani isitegemee kromu ya Wasovieti. Kilifutwa 1977. Kwa hiyo miaka ileile wafanyakazi wa Tanzania, Zambia na China wakipasua mahandaki kati ya Mlimba na Makambako ili Zambia ijitoe kwa Smith, wabunge wa Washington walikuwa wamemfungulia Smith mlango.

Zambia angalau ilikuwa na pa kubisha hodi. Ibara ya 50 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inaipa nchi inayoumizwa na vikwazo vya Baraza la Usalama haki ya kwenda kwenye Baraza hilo kutafuta suluhisho, na 1973 Baraza liliziomba nchi zote ziisaidie Zambia. Vikwazo vya 2022 havikupita huko, kwa sababu Urusi ina kura ya turufu. Viliamuliwa Washington, London na Brussels. Ibara hiyo haiwagusi walioviweka. Bei ilipofika Mbarali na Mbozi, aliyeilipia nafuu ni hazina ya Tanzania, kupitia ile ruzuku iliyozinduliwa John Mwakangale.