Klarineti si Zumari: Dhana Potofu kuhusu Kutungia Klarineti na Nyuzi

Nikisema natunga kipande cha klarineti moja, fidla mbili, viola na selo, jamaa zangu hapa Mombasa hunishauri kwa nia njema, na ushauri wenyewe mara nyingi una makosa yaleyale. Mengine niliyaamini mwenyewe, yakanipotezea miezi.

Dhana: Klarineti ni zumari ya Kizungu. Ukiijua moja, umezijua zote.

Ukweli: Zumari ya harusini ina tete za pande mbili zinazotetema mdomoni, na tundu lake hupanuka kadiri linavyoshuka. Klarineti ina tete moja iliyofungwa kwenye kidomo, na tundu lake lina upana uleule karibu mwili mzima. Kwa mtunzi, hapo ndipo mambo yote yanapoanzia. Mpiga zumari akikaza pumzi, hupata nota ileile, lakini ya juu. Klarineti huruka mbali zaidi, hadi nota ya kumi na mbili: vidole vya C ya chini hutoa G ya juu. Kwa hiyo ala hii ina sauti nzito chini, sauti inayong'aa juu, na katikati nota chache ziitwazo za shingoni ambazo ni hafifu. Hapo pia vidole hupata taabu, kwani kutoka A kwenda B karibu vyote hushuka kwa pamoja.

Katika rasimu yangu ya kwanza niliuweka wimbo mkuu palepale shingoni, na juu yake fidla mbili zikikokota upinde kwa nguvu. Wimbo ulizama. Nilipoushusha hadi kwenye sauti nzito na kubakisha selo peke yake, ulisikika wote, hata pumzi ya mpigaji kabla ya nota ya kwanza.

Dhana: Kompyuta ikiweza kukipiga kipande, binadamu ataweza.

Ukweli: Kompyuta haivuti pumzi wala haina upinde unaofika ncha. Mpe mpigaji mahali pa kupumua.

Dhana: Maqamu ya taarabu, yaani ngazi zake za nota, hayawezi kuingia kwenye klarineti.

Ukweli: Yanaingia, ila kwa gharama. Maqamu ya Rasti ikianzia C inataka E iliyoshuka robo toni tu, si nusu. Fidla haina vizuizi shingoni, kwa hiyo kidole husogea kidogo na nota imepatikana. Mpiga klarineti hutafuta mpangilio mwingine wa vidole au hulegeza midomo, na rangi ya sauti hubadilika kidogo. Nota ndefu itapendeza sana. Mfululizo wa haraka wa robo kama hizo utamtesa. Mimi huwapa fidla zile zinazokimbia, na klarineti ile inayokaa. Uamuzi huu ulinisaidia kuliko mwingine wowote.

Dhana: Hiki ni chombo cha wageni, hakituhusu.

Ukweli: Kilianzia Ujerumani kweli. Johann Christoph Denner alikibuni Nuremberg karibu mwaka 1700. Mtunzi Mozart alikiandikia kipande pamoja na nyuzi nne mwaka 1789, kwa ajili ya rafiki yake Anton Stadler, mpiga klarineti. Mtunzi Brahms naye akafanya hivyo mwaka 1891 baada ya kumsikia mpiga klarineti Richard Mühlfeld. Lakini mti wake ni mpingo! Klarineti nyingi nzuri za Ulaya huchongwa kwa mpingo uliokatwa Tanzania na Msumbiji. Ule mti mweusi wa vinyago tunaoujua sote ndio uliotoa sauti nyingi tunazoziita za Kizungu. Sioni kwa nini nikitungie kwa woga.

Dhana: Wapigaji wakishalinganisha sauti mwanzoni, kazi imekwisha.

Ukweli: Labda kwenye nchi ya baridi. Wakati wa kaskazi, chumba cha Mji wa Kale kikijaa watu, hewa ndani ya klarineti hupata joto na sauti yake hupanda. Nyuzi, kwa upande wao, hulegea kwa joto lilelile na kushuka. Zinaachana polepole, na mpaka sehemu ya tatu sikio limeanza kuumia. Kwa sababu hiyo nimeandika kimya kirefu kati ya sehemu ya pili na ya tatu: klarineti inatoa A moja, na wenye nyuzi wanashika vigingi vyao upya.