Jamii iliyojiandaa kwa maafa hutambuliwaje? Kinachoangaliwa daftarini, kwenye zoezi na kwenye betri

Kila inapokaribia tarehe 13 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Kupunguza Hatari za Maafa, kamati nyingi za jamii huwasilisha maombi ili juhudi zao zitambuliwe rasmi. Majibu yakitoka, malalamiko nayo hufuata. Wengi wa wanaolalamika wamefanya kazi ya kweli, kwa jasho lao na bila malipo, na wanastahili heshima. Kinachowaangusha ni jalada lililojaa picha za uzinduzi na barua za shukrani, lisilo na kitu hata kimoja ambacho mkaguzi anaweza kukipima au kukijaribu. Sisi tunaoyakagua maombi hayo tunaeleza hapa kinachotafutwa, kwa sababu inauma kuona kamati iliyookoa watu ikishindwa na makaratasi.

Lisemwe wazi kwanza hili ambalo limerudiwa mara nyingi na bado halijasikika: kugawa msaada baada ya maafa ni wema mkubwa, ila sio ustahimilivu unaopimwa hapa. Maombi yanayoorodhesha mablanketi na magunia yaliyogawiwa yanajibu swali ambalo hatukuuliza. Tunachouliza ni hiki: mvua ile ile ikirudi usiku wa leo, nani atahama, kwa njia ipi, kwa dakika ngapi, na ataambiwa na nani? Mfumo wa Sendai, makubaliano ya nchi za Umoja wa Mataifa ya kupunguza hatari za maafa, uliopitishwa Machi 2015 na unaotumika hadi 2030, una vipaumbele vinne: kuielewa hatari, kuimarisha usimamizi wake, kuwekeza katika kuipunguza, na kujiandaa ili kukabili maafa vizuri na kujenga upya kwa ubora zaidi. Ugawaji wa msaada unaangukia kipaumbele cha nne peke yake, na hata hicho kinaanza na kujiandaa.

Wapo pia wanaosema, "Sisi maafa hayajatufika, kwa hiyo hatuna ushahidi." Hapana. Tazameni mpango wa Tsunami Ready, yaani "tayari kwa tsunami", unaoendeshwa na UNESCO kupitia Tume ya Kiserikali ya Bahari. Unaitambua jamii kwa viashiria 12: vitatu vya tathmini, vitano vya maandalizi na vinne vya mwitikio. Hakuna kiashiria kinachouliza jamii imepigwa na tsunami mara ngapi. Kinachoulizwa ni kama eneo la hatari limechorwa kwenye ramani, kama idadi ya watu waliomo imekadiriwa, kama elimu hutolewa angalau mara tatu kwa mwaka, kama zoezi la jamii hufanyika angalau mara moja kila miaka miwili, na kama kuna njia zaidi ya moja ya kupokea na kusambaza tahadhari saa 24. Mwaka 2020 vijiji viwili vya Odisha nchini India, Venkatraipur na Noliasahi, vilitambuliwa chini ya mpango huo. Anayeandaa jalada la mafuriko, maporomoko ya ardhi au moto anaweza kuazima mpangilio huo bila kuogopa, mradi abadilishe yanayohusu bahari.

Kipimo cha mto na daftari lake

Tuchukue kifaa kimoja, ubao wa kupimia kina cha mto, kwa kuwa ndicho kinachojitokeza mara nyingi zaidi na ndicho kinachokosewa zaidi. Ubao uliogawanywa kwa sentimita na kupakwa kijani, njano na nyekundu unapendeza kwenye picha. Mkaguzi anaangalia sifuri yake. Kama sifuri haijafungwa kwenye alama isiyohama, mathalani mstari wa rangi kwenye mwamba au kwenye msingi wa daraja, basi siku nguzo itakapoinama au kubadilishwa, vipimo vyote vya nyuma vinakosa maana. Andikeni daftarini tofauti ya kimo kati ya sifuri na alama hiyo, na muipime upya kila baada ya mafuriko makubwa. Wakati huo huo muuangalie mto wenyewe. Mchanga ukijaa au kitako cha mto kikichimbika, sentimita 180 za mwaka huu hazibebi maji sawa na sentimita 180 za mwaka jana, na mstari mwekundu lazima uhamishwe.

Mstari huo mwekundu una hesabu yake, na hapa ndipo kamati nyingi zinapoteleza. Tuseme maji hutumia dakika 40 kutoka kwenye kipimo hadi nyumba za kwanza, nayo kaya iliyo nzito zaidi kuhama, yenye mgonjwa wa kubebwa, hutumia dakika 55 kufika mahali pa juu. Tahadhari ikipigwa pale pekundu, kaya hiyo imechelewa kwa dakika 15 kabla haijafungua mlango. Tena bado hatujahesabu muda wa ujumbe kusafiri. Ama kipimo kihamishiwe juu zaidi ya mto, ama mstari ushushwe, ama kaya hiyo iondoke maji yakifika kwenye njano. Jalada linaloonyesha hesabu hii, hata kwa penseli, lina uzito kuliko kurasa 30 za historia ya kamati.

Kila usomaji kwenye daftari uwe na tarehe, saa, kina, mvua kwa milimita kama mnapima, jina la aliyesoma, aliyepewa taarifa, na saa taarifa ilipomfikia. Daftari la mwaka mzima lenye mwandiko mmoja, kalamu moja na bila siku hata moja iliyorukwa hutia shaka kuliko lenye mapengo. Watu huugua, huenda msibani, husahau. Acheni pengo, andikeni sababu. Na msifiche tahadhari iliyotolewa bure. Kamati iliyowahamisha watu halafu maji yasifike, ikakaa, ikagundua kwamba mvua ilinyesha upande mmoja tu wa bonde, kisha ikaongeza kipimamvua upande wa pili, imeonyesha ustahimilivu kwa namna iliyo wazi kabisa.

Vifaa, jengo na zoezi

King'ora kilichofungwa ukutani hakihesabiki mpaka kilie mbele ya mkaguzi. Betri ya risasi na asidi ya volti 12, ikiwa imejaa na imepumzika bila mzigo, husoma karibu volti 12.6 au zaidi. Ikisoma chini ya 12.2 imebaki nusu au pungufu. Betri inayoachwa wiki nyingi bila chaji hujifunika salfeti kwenye bamba zake na hairudi hali ya awali hata ikichajiwa usiku kucha. Vipaza sauti vya mkononi vina ugonjwa wake: betri kavu zikiachwa ndani huvuja na kula shaba za mguso. Zihifadhini pembeni, kwenye mfuko mkavu, na mtu atakayezirudisha kwenye kipaza sauti awe amejaribu kufanya hivyo gizani mara kadhaa. Jaribio la kila mwezi litumie mlio tofauti na ule wa hatari, na jamii iambiwe tofauti hiyo.

Kuhusu jengo la kukimbilia, tunaomba sana muache kuandika "linachukua watu 500" kwa kuangalia viti vya mkutano. Viwango vya Sphere, vinavyotumika kimataifa katika misaada ya kibinadamu, vinataka angalau mita za mraba 3.5 kwa kila mtu atakayelala humo, bila kuhesabu jiko na vyoo. Ukumbi wa mita 20 kwa 14 una mita za mraba 280. Gawanya kwa 3.5, ni watu 80. Watu 80 kwa lita 15 za maji kila mmoja ni lita 1,200 kwa siku, na kwa choo kimoja kwa kila watu 20, ni vyoo vinne. Kama eneo la hatari lina watu 400, semeni wengine 320 wanakwenda wapi. Kwa jamaa zao ni jibu halali, mradi jamaa hao wameulizwa.

Zoezi nalo halithibitishwi kwa orodha ya mahudhurio. Orodha inathibitisha kuwa watu walisaini. Tunachohitaji ni saa ya ishara ya kwanza, saa aliyefika wa mwisho (wa kwanza hatumhitaji), na maelezo ya kilichokwama: lango lililofungwa, ufunguo uliosafiri na mwenyewe, mtaa usiosikia king'ora kwa sababu ya upepo. Fanyeni angalau zoezi moja usiku. Angalieni pia nani anayepeleka ujumbe. Kimbunga cha 1991 nchini Bangladesh kiliua watu wapatao 138,000, na wanawake walikufa wengi kuliko wanaume. Leo mpango wa nchi hiyo wa kujiandaa kwa vimbunga una watu wa kujitolea zaidi ya 76,000, nusu yao wanawake. Kamati isiyo na mwanamke anayebisha hodi mlangoni iwe na maelezo ya kutosha kwa nini.

Watu wenye ulemavu, wazee na wagonjwa wawe na msaidizi anayejulikana na wa akiba. Majina yao yasiambatishwe kwenye jalada. Andikeni idadi tu. Orodha yenyewe mkaguzi ataiona kwenu na kuiacha kwenu.

Maombi yenyewe

Taratibu hutofautiana kati ya mpango mmoja na mwingine, kwa hiyo someni mwongozo wa mpango mnaouomba kabla ya kujaza chochote. Hata hivyo mambo fulani hayabadiliki sana. Fomu isainiwe na mwenyekiti na katibu, kila mmoja kwa mkono wake. Katibu akimsainia mwenyekiti aliyesafiri, fomu inarudi. Ramani iwe na tarehe, mshale wa kaskazini na jina la aliyeichora. Ya kuchorwa kwa mkono inakubalika. Nakala za daftari zipigwe ukurasa kwa ukurasa, makosa yakiwa yamekatwa kwa mstari mmoja na kusainiwa pembeni, kamwe yasifutwe kwa wino mweupe. Nguvu kazi ya kujitolea iandikwe kama idadi ya watu na saa, msiibadilishe kuwa fedha. Kama kifaa kilitoka kwa mfadhili, semeni hivyo, kisha onyesheni nani anashika ufunguo na nani alikitengeneza mara ya mwisho kilipoharibika. Mradi uliokabidhiwa na kuachwa ni kazi ya mfadhili.

Taarifa za kubuni zikigundulika, jalada linaondolewa kwenye mchakato. Kama cheti kilishatolewa, kinafutwa na kibao cha utambuzi kinarudishwa. Sahihi ya kughushi ni suala jingine: linatoka mikononi mwa wakaguzi na kwenda kwenye vyombo vya sheria, na hapo anayewajibika ni aliyesaini. Kosa la hesabu au ukurasa uliopotea sio udanganyifu. Semeni mapema, kwa maandishi, ili mpewe nafasi ya kusahihisha.

Na cheti kikipatikana, kisitumike kwa kazi isiyo yake. Hakimruhusu mtu kujenga kwenye mkondo wa maji, hakileti haki ya kupewa fedha, na hakimaanishi kwamba tahadhari ikitolewa mnaweza kubaki nyumbani. Kina tarehe ya mwisho. Kibao kinachotundikwa kiionyeshe tarehe hiyo kwa maandishi yanayosomeka kutoka barabarani.

Kamati nyingi zitakazosoma hapa zitagundua kuwa daftari lao lina miezi miwili tu. Msilijaze ya nyuma kwa kumbukumbu. Leteni hiyo miezi miwili kama ilivyo, na usomaji wa kesho asubuhi.